Jiwe Lililonuka Tanurini

Katika ghuba ya Mikindani, mbele kidogo ya mahali mikoko inapoishia, pana sehemu ya maji isiyosema kitu. Ukitumbukiza bapa la kafi pale, ukabana sikio kwenye mpini, utasikia maji yakigonga ubavu wa mtumbwi, utasikia damu yako mwenyewe ikipita kichwani, basi. Zamani usingeisikia damu yako. Palikuwa na mlio pale, mtatariko usiokatika, kama ufuta uliosahauliwa kwenye kikaango. Wapo wavuvi wenye macho mabovu waliokuwa wakiujua mkondo kwa mlio huo tu. Saida Hemedi aliujua akiwa na miaka saba, siku baba yake alipomshika kichwa akambana sikio kwenye mpini wa kafi mpaka likauma.

"Sikiliza," alimwambia. "Hilo ni jiwe linalokula."

Jiwe lenyewe liliitwa Kinu. Lilikuwa tumbawe moja, si kundi la matumbawe. Mwili mmoja wa mviringo uliosimama kwenye mchanga, mrefu kumpita mtu, na juu yake pamebonyea kama kinu cha kutwangia. Maji yakikupwa sana, siku za bamvua, kichwa chake kilifika kiunoni mwa mtu aliyesimama mtumbwini, na pale kwenye kibonyeo samaki wadogo walibaki wamezingirwa kama dagaa sufuriani.

Mzee Hemedi alikuwa mchoma chokaa. Alipanga magogo ya minazi kwa duara, akapandisha mawe ya matumbawe juu yake hadi usawa wa kifua, akawasha kwa chini, na moto ukala siku mbili. Mawe yakitoka humo yalikuwa mepesi kama mkate. Yaliachwa yapigwe na umande na mvua mpaka yaporomoke yenyewe kuwa unga. Nyumba zote za mawe za Mikindani, zilizosimama na zilizoanguka, zimeshikana kwa unga wa namna hiyo. Mzee Hemedi alichoma mawe yaliyo hai, kwa sababu chokaa yake hutoka nyeupe zaidi, na yakiungua yalinuka. Saida alikua katika harufu hiyo. Shuleni walimkalia mbali. Kinu peke yake mzee hakukigusa, wala si kwa huruma. Alikihitaji kimwonyeshe njia.

Baba akafa. Ikaja miaka ya baruti, mwamba ukalipuliwa mchana kweupe, samaki wakaelea matumbo juu, na watu wakala, wakashiba, wakaanza kulala njaa. Baadaye serikali ikakaza mkono. Kijiji nacho kikakaa kikaweka sharti lake: jiwe lililo hai lisiguswe, jiwe lililokufa ruhusa kuchomwa. Swali likawa, nani atajua? Mvuvi akitaka jiwe atasema limekufa. Afisa atasema yote yako hai. Wakamchagua Saida.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alikwangua jiwe kwa ukucha wa kidole gumba. Akanusa ukucha. Akapitisha kidole tena pale alipokwangua, akakitenga na gumba taratibu. Pakivutika uzi wa ute, jiwe lilikuwa hai, na aliyelileta alilirudisha mwenyewe huku watu wanamtazama. Pasipovutika kitu, alichora msalaba wa mkaa juu yake na jiwe likaenda tanurini. Kwa miaka tisa hakuna aliyebishana naye. Hawakuwa wanampenda. Alikuwa na ulimi wa wembe. Aliwahi kumwambia imamu kwamba kanzu yake ni safi kuliko anayeivaa. Walimwamini jinsi watu wanavyoamini mizani: hawaipendi, lakini wanaweka mzigo juu yake.

Neno lake hilo la kuamua jiwe, basi, ndilo pekee alilokuwa nalo. Mume alikuwa amefariki. Binti yake Asia alikuwa ameolewa katika kijiji cha Ziwani. Nyumba ya mawe ya babu yake ilikuwa imeanguka paa, naye aliishi ubavuni mwake katika vyumba viwili vya udongo. Alipopita sokoni watu walinyamaza kidogo. Ukimya ule ulimtosha kwa chakula na mavazi.

Kisha akaja Rebeka.

Alikuwa afisa wa bahari wa serikali, msichana wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Njombe, bara kwenye viazi, na kabla hajamaliza wiki kijiji kizima kilijua kwamba haogelei vizuri. "Mtaalamu wa bahari," walisema, "anavaa boya kwenye maji ya magoti." Watoto walimwita Bibi Viazi. Yeye hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa ameshuhudia miamba ikifa mahali pengine kabla ya kuhamishiwa kusini, na alikuja na hasira iliyokwisha kuwiva.

Siku ya kwanza alifika kwa Saida kujitambulisha. Akasimama kwenye ngazi ya mlango, akatazama chini, akachutama. Ngazi ile ilikuwa jiwe moja la duara, lenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi.

"Mama, hili mmelitoa wapi?"

"Chooni."

Rebeka alicheka akidhani anataniwa. Haukuwa utani. Marehemu mume wa Saida alipochimba shimo la choo, futi tisa chini ya mihogo, sululu ilikutana na jiwe lile, na kwa kuwa lilikuwa zuri akaliosha akaliweka mlangoni.

"Huyu tumbawe aliishi hapahapa," Rebeka alisema, huku akipapasa ile mikunjo. "Bahari ilikuwa juu kuliko leo. Ilifika kwako, ikapita. Kilima hiki chote ni mwamba wa zamani. Ni kama miaka laki moja na ishirini elfu, kwa kukadiria."

"Ulikuwepo?"

"Hapana, mama, kuna namna ya kupima..."

"Basi ondoka juu yake, nataka kupita."

Walianza hivyo, na hawakuwahi kuanza upya.

Baada ya wiki mbili Rebeka aliitisha mkutano katika darasa la shule. Akatundika shuka ukutani, akawasha mashine ya picha. Tumbawe ni mnyama, alisema. Maelfu ya vinyama laini, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, wanakaa pamoja na kujenga jiwe chini yao kama watu wanaojenga ghorofa wakihamia juu.

"Mnyama huyo," mtu akauliza kutoka benchi la nyuma, "anachinjwa kwa kuelekezwa kibla?"

Darasa zima likacheka. Aliyeuliza alikuwa Bakari, mtoto wa kaka yake Saida, aliyerithi tanuri la babu. Rebeka hakutabasamu. Aliwaacha wamalize, akaendelea kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma hukumu.

Kabla ya hawa, alisema, walikuwepo wajenzi wengine, wa ukoo mwingine kabisa. Walijenga miamba kwa muda ambao akili haiwezi kuubeba. Miaka milioni mia mbili na hamsini iliyopita bahari ikapata joto, maji yake yakachacha, wakafa wote, wasibakie hata wawili wa kuombolezana. Ikapita mamilioni ya miaka dunia haina mwamba wa matumbawe hata mmoja. Samaki walikuwepo, mawimbi yalikuwepo, mjenzi hayupo. Ndipo wakatokea mababu wa hawa wa leo, nao wakajenga, wakapigwa, wakapungua, wakajenga tena. Mara tano uhai wa dunia umefagiliwa, na miamba haikuwahi kusalimika. Ilikuwa ya kwanza kuondoka na ya mwisho kurudi.

"Sasa bahari inapata joto tena," alisema, "haraka kuliko zamani. Ndiyo maana kuanzia mwezi ujao mawe yatakaguliwa kwa picha na kwa vipimo. Si kwa ukucha wa mtu. Ukucha hauachi kumbukumbu."

Vichwa vikageuka upande wa akina mama. Saida alisimama.

"Ukucha huu una miaka tisa kazini," alisema. "Wewe jiwe hata moja la hapa hulijui jina."

"Nayajua majina yao yote, mama."

"Ya kitabuni. Haya, liite moja litoke."

Kicheko kikapasuka tena, na safari hii kilikuwa chake. Akakaza khanga, akatoka, huku nyayo zake zikisikika kwenye kokoto mpaka nje ya uzio wa shule. Hakuna aliyemfuata. Rebeka alinywa maji, akabadilisha picha, na aliyoyasema baada ya hapo Saida hakuyasikia.

Alisema hivi: tumbawe halipati rangi kwa nguvu zake. Ndani ya mwili wake limepangisha mwani mdogo mno, na mwani huo ndio unaolilisha. Maji yakizidi joto, tumbawe humfukuza mpangaji wake, na hapo mwili unabaki kama kioo na jiwe jeupe linaonekana chini yake. "Mwaka huu mtaiona bahari imepauka," Rebeka alisema. "Itakuwa nyeupe kama sanda. Msidanganyike. Aliyepauka hajafa, ana njaa. Akiachwa, maji yakipoa, mwani hurudi. Msimguse." Aliyarudia maneno hayo mara mbili. Kwenye benchi la nyuma Bakari alikuwa amekunja mikono, anasikiliza.

Mwezi wa tatu maji yakawa na joto la kuogeshea mtoto mchanga. Wanawake waliokwenda kuchokoa pweza walirudi wanalalamika kwamba yanawachosha miguu. Matumbawe ya matawi yalianza: kwanza yalitoa rangi kali ambazo hakuna aliyewahi kuziona, zambarau na manjano, kama taa zinazong'aa kabla ya kuungua, kisha yakawa meupe. Mwezi wa nne upande wote wa ndani ya ghuba ulikuwa kama umemwagiwa nazi iliyokunwa. Kinu kilikawia. Kilipauka mwisho, kuanzia kichwani kushuka, na kilipokwisha kupauka kilionekana kutoka ufukweni, bonge jeupe chini ya maji ya kijani.

Bakari alimkuta shangazi yake uani anamenya muhogo.

"Shangazi, Kinu kimekwenda."

"Nimekiona."

"Wazee wanataka chokaa ya msikiti kabla ya Idi kubwa. Mvua imeubambua ukuta wote. Saruji haishiki kwenye mawe yale, unajua mwenyewe, inatoa jasho la chumvi inabanduka. Na lile bonge peke yake linatosha tanuri zima."

Saida aliendelea kumenya. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona jiwe jeupe lililo hai. Jiwe la ufukweni ni jeupe, limekufa. Jiwe la tanurini ni jeupe. Ukuta ni mweupe. Maiti hutoka nyumbani kwake na nguo nyeupe. Hata hivyo alijua kazi yake. Ilikuwa siku za maji mafu, bahari haikupwi vya kutosha, na ukucha usingefika kwenye jiwe. Ilimpasa angoje bamvua, siku nane.

Lakini Jumatatu Rebeka alikuwa anakuja na kamera yake.

"Leta mtumbwi," Saida alisema.

Wakaenda wawili. Maji yalikuwa yametulia, na Kinu kilikaa chini yao kama mwezi ulioangukia kisimani. Saida aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha, kwa mazoea ya miaka hamsini, akatumbukiza kafi, akabana sikio kwenye mpini.

Kilikuwa kinatatarika.

Si kama zamani. Mlio ulikuwa mwembamba, wa ufuta mchache kwenye kikaango kikubwa, lakini ulikuwepo. Alisikiliza mpaka shingo ikamuuma. Alijua, kama kila mchoma chokaa, kwamba wenye kulia ni uduvi wanaokaa kwenye matundu, wala si jiwe. Alijua pia kwamba uduvi hawakai kwa wingi kwenye jiwe lililokufa. Mambo hayo mawili aliyashika pamoja, kila moja katika mkono wake, akaliangusha la pili.

"Unasikia nini?" Bakari akauliza.

"Uduvi. Hata nyumba ya marehemu ina panya." Akarudisha kafi mtumbwini. "Limekufa. Vunjeni."

Walikivunja kwa siku mbili, Bakari na wanaume wanne, kwa mitaimbo na nyundo. Mitumbwi kumi na mmoja ilijaa. Saida hakwenda kutazama. Alipita sokoni, watu wakanyamaza kidogo, na alipita taratibu kuliko siku zote. Kwa kuwa wingu lilikuwa limekaa vibaya upande wa Ruvuma, Bakari hakutaka kuyaacha mawe yalowe. Aliyapandisha juu ya magogo yakiwa bado yanachuruzika maji ya chumvi, na asubuhi ya siku ya tatu, baada ya swala ya alfajiri, akawasha.

Saida alikuwa anakoroga uji. Upepo uligeuka, ukaingia uani kwake, na mwiko ukasimama.

Ilikuwa harufu ya kombe waliosahauliwa juani, na ya mwani, na chini yake harufu ya nywele zinazoungua. Hakuwa ameisikia kwa miaka zaidi ya thelathini. Jiwe lililokufa halinuki hivyo. Jiwe lililokufa likiungua hunuka vumbi la moto tu, hata mtoto wa mchoma chokaa analijua hilo, na yeye alikuwa mtoto wa mchoma chokaa. Uji ukamwagikia jikoni. Alikimbia bila viatu, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, khanga imemponyoka kichwani, akapita mbele za watu ambao hawakuwahi kumwona akitembea haraka.

Tanuri lilikuwa limekwisha kukamata. Kando yake palikuwa na rundo la mawe yaliyozidi, hayakupata nafasi. Saida aliokota moja, akakwangua, akatenga kidole na gumba. Ute ukavutika kati yake kama mlenda. Ulivutika mrefu, haukukatika.

"Bakari. Mlipokuwa mnayavunja, yalikuwa yanateleza hivi?"

Bakari alitazama moto.

"Nakuuliza wewe."

"Yalikuwa yanateleza, shangazi."

"Ukanyamaza."

"Yule mtaalamu alisema. Siku ile ulipotoka. Alisema nyeupe si maiti, ana njaa. Nilisikia, sote tulisikia."

"Ukanyamaza!"

"Mkaguzi nani?" Sauti yake ilipanda, na wanaume wengine wakaacha walichokuwa wanafanya. "Mimi? Nisimame mbele za watu niseme shangazi yangu hajui kazi? Ungenila mzima, na mifupa ungeitafuna! Ulisema vunjeni, tukavunja."

Ilikuwa kweli, angemla mzima.

"Ondoeni mawe."

"Moto haurudi nyuma. Ukiumwagia maji, mawe yatapasuka yatuue. Unajua mwenyewe."

Alijua. Akaligeukia lile rundo la kando, akajaza khanga yake mawe, akayapeleka mtumbwini, akarudi kuchukua mengine. Hakuomba msaada na hakupewa. Ilipofika saa nne ufuko ulikuwa umejaa watu.

"Bi Saida anarudisha mawe baharini!"

"Keshokutwa atarudisha nazi mnazini."

"Mwacheni, anawapeleka kliniki!"

Alikwenda na kurudi mara mbili peke yake, akipiga kafi kama mtu anayepigana, akayashusha mawe moja moja kuzunguka kisiki cha Kinu. Yalitua kwenye mchanga, yakalala ubavu. Nyuma yake moshi wa tanuri ulikuwa umeinama juu ya maji, ukinuka.

Rebeka alifika siku iliyotangulia Jumatatu, maana habari mbaya hazingoji gari la serikali. Hakupiga kelele. Aliingia majini na boya lake, akapiga picha kisiki, akapanda ufukweni na kipande kimoja cha urefu wa mkono, ambacho nyundo ilikuwa imekipasua vizuri kutoka juu kushuka. Akakilowesha. Mistari hafifu ikaonekana, mmoja juu ya mwingine, kama tabaka za kitunguu. Akakiweka mbele ya Saida aliyekuwa ameketi mchangani.

"Hesabu, mama. Kila mstari mwaka mmoja."

"Sina haja."

"Kwa ukucha wako. Hesabu."

Saida alihesabu. Ukucha wa gumba ulipanda mstari kwa mstari kuanzia juu, yaani kuanzia mwaka huu kwenda nyuma. Alipofika hamsini na tisa, mwaka aliozaliwa, kipande kilikuwa karibu kimekwisha.

"Kilichobaki chini ya hapo kilikuwa mara tatu ya hiki na zaidi," Rebeka alisema. "Kilianza kabla ya nyumba yenu ya mawe. Kabla ya mji huu kuwa na wauza watumwa na Wajerumani. Kilipita joto la miaka yote ile mbaya. Hata safari hii kilikuwa kinapita."

"Watarudi?"

"Nani? Ukoo, au huyu?"

Rebeka akaendelea mwenyewe, kwa ukali wa mtu ambaye hana wa kumlilia. "Ukoo wao mgumu. Kuna wataalamu wanaoamini kwamba maji yalipochacha zamani, mababu zao waliishi uchi, bila jiwe, vinyama laini tu vilivyojibanza, na maji yalipotengemaa wakajenga upya. Tena wamefanyiwa majaribio, wamewekwa kwenye maji yaliyochacha, jiwe likayeyuka, wenyewe wakaishi. Kwa hiyo usiwahofie. Watatungoja tuondoke. Wana muda. Ila bahari yenye matumbawe yaliyo uchi haina mwamba, na pasipo na mwamba hapana samaki wa hawa watu, wala hapana kitu cha kuzuia wimbi lisiingie mpaka kwenye choo chako. Huyu wako harudi. Huyu mmempika awe ukuta."

Mkutano uliitishwa darasani kulekule. Mwenyekiti wa mtaa, Isaya, fundi mitumbwi mwenye aibu nyingi, aliuliza mara tatu ni nani wa kulaumiwa, kila mara akitazama dari. Wavuvi walitaka Bakari apelekwe mbele ya sheria. Yeye ndiye aliyesikia onyo akafunga mdomo. Bakari alikaa benchi lilelile la nyuma, na mara hii hakuwa na utani. Wengine walisema mama wa watu alidanganywa na macho, nani asingedanganywa, bahari nzima ilikuwa sanda. Lilikuwa jambo jepesi. Neno la Saida lingeweza kutoka mle ndani limechubuka tu, halijavunjika. Ilitosha anyamaze.

Alisimama.

"Bakari hana kosa kubwa kuliko langu," alisema. "Nilitia kafi. Kilikuwa kinatatarika. Nilikisikia kwa sikio langu hili, nikasema kimekufa."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Kisha wazee waliolijua kafi wakaelewa, na mnong'ono ukapita benchi kwa benchi.

"Kwa nini?" Isaya aliuliza, na safari hii alimtazama.

"Kwa sababu ya huyu." Alimnyooshea Rebeka kidole. "Alitaka kuninyang'anya kazi. Nikataka niseme kabla yake."

Hakuomba radhi. Mwanamke mmoja, ambaye wanawe watatu walivua kwenye mkondo ule, alitema mate karibu na mguu wake na kusema, "Mizani mbovu." Jina hilo lilimshika. Rebeka alikuwa anaandika. Alisimamisha kalamu, akamtazama Saida kwa muda, kisha akaendelea kuandika. Hakumtetea. Hata walipokutana mlangoni hawakusalimiana.

Watu waliacha kunyamaza alipopita sokoni. Walipaza sauti. Miezi miwili baadaye alifunga vyumba vyake viwili, akaenda kwa Asia.

Mvua za mwisho za masika ziliporomosha mawe ya tanuri yakawa unga mweupe sana, mweupe kuliko chokaa yoyote iliyowahi kutoka pale. Wazee walibishana kama ni halali kuitumia. Wakakubaliana kwamba kuitupa ni kuua mara mbili. Msikiti ulipakwa ukuta wa kaskazini wote, tabaka tatu, na kwa mwezi mzima kila umande ulipoanguka ukuta ulinuka bahari.

Siku za bamvua Saida huteremka kutoka Ziwani kwa bodaboda, huazima mtumbwi wa Isaya, na kwenda penye kisiki. Hutia kafi, husikiliza, hulitoa. Mawe aliyoyarudisha yalikufa yote. Mawimbi yaliyaviringisha yakasagika. Kwenye kisiki chenyewe, upande wa kusini, chini ya ukingo ambao nyundo haikuufikia, pana sehemu yenye rangi ya majani makavu ya mkorosho. Ameikwangua mara moja tu. Uzi ulivutika. Hajamwambia mtu, isipokuwa aliandika vipimo vya sehemu hiyo kwenye karatasi, akaichomeka chini ya mlango wa ofisi ya Rebeka mjini Mtwara, bila jina.

Saida Hemedi anaishi Ziwani, analima muhogo. Kinu kiko kwenye ukuta wa kaskazini wa msikiti wa Mikindani. Kilichobaki kiko majini, upana wa kiganja kimoja.